Muhasaba: Hesabu ya Nafsi Inayoanza Alfajiri

Miongoni mwa mafunzo ya kiroho yaliyomo katika maandishi ya Kiislamu, muhasaba, yaani utaratibu wa mtu kuihesabu nafsi yake kila siku kwa aliyoyatenda na aliyoyaacha, ni mojawapo ya yale yanayosifiwa sana na kutekelezwa kidogo. Waumini wengi huliazimia jambo hili Ramadhani inapoingia, au baada ya msiba uliowagusa kwa karibu, wakalishika siku chache kwa hamu kubwa, kisha likawaponyoka bila wao kutambua ni lini. Kwa kawaida lawama hutupiwa udhaifu wa imani au uvivu wa mtu mwenyewe, na lawama hiyo haikosi ukweli. Lakini anayewasoma kwa makini wanazuoni waliolishughulikia suala hili hukuta kwamba kuna chanzo kingine kilicho karibu zaidi. Hesabu ya usiku haiwezi kusimama peke yake, kwa kuwa mtu anayekaa kitandani kuihesabu nafsi ambayo asubuhi hakuipa sharti lolote hana cha kuidai. Hubaki na huzuni isiyo na jina, na huzuni ya namna hiyo haidumu hata wiki mbili.

Msingi wa muhasaba umo katika Qurani. Aya ya 18 ya Sura ya 59, Al-Hashr, inawataka walioamini watazame kile ambacho kila nafsi imekitanguliza kwa ajili ya kesho, na wafasiri wameieleza kesho hiyo kuwa ni Siku ya Kiyama. Nayo Sura ya 75 inaanza kwa viapo ambavyo kimojawapo kinaitaja nafsi inayojilaumu, ile ambayo haimwachi mwenyewe atulie juu ya kosa. Khalifa wa pili, Umar bin al-Khattab, amepokewa akiwahimiza watu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa, na inasimuliwa kwamba usiku ulipoingia alikuwa akiipiga miguu yake kwa kiboko huku akijiuliza amefanya nini siku hiyo. Katika riwaya hiyo swali lina uzito kuliko kiboko, maana mtawala aliyeogopwa na majemadari hakuwa na mtu wa kumuuliza habari za siku yake, hivyo akajiuliza mwenyewe.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa elimu yenye mpangilio ni al-Harith bin Asad al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, sawa na mwaka 243 wa Hijria, na ambaye hata lakabu aliyojulikana nayo ilitokana na wingi wa kuihesabu nafsi yake. Katika kitabu chake kikubwa, Al-Riaya li-Huquq Allah, kinachohusu kuzichunga haki za Mwenyezi Mungu, anaitumia sehemu kubwa kuichambua ria, yaani kutenda jema ili watu waone. Hapo ndipo ulipo mchango wake mzito. Watu wengi wanapoanza kujihesabu huyatafuta madhambi yao tu, na swala zao, sadaka zao na wema wao huupitisha bila ukaguzi kana kwamba umeshakubaliwa. Al-Muhasibi aliona kwamba nafsi hujificha vizuri zaidi ndani ya jema kuliko ndani ya ovu, kwa sababu ovu hujulikana na kila mtu ilhali jema humfanya mwenyewe asitazame kwa nini amelitenda. Kwa mtazamo huo, anayeyahesabu mabaya yake peke yake amesoma nusu tu ya hesabu, tena nusu iliyo nyepesi.

Karne mbili na nusu baadaye, Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), mwanazuoni aliyekiacha kiti chake cha ualimu katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad mwaka 1095 kwa sababu alitilia shaka nia aliyokuwa akifundishia, aliichukua elimu hiyo na kuipa umbo linalofuatwa hadi leo. Kazi yake kuu, Ihya Ulum al-Din, ina vitabu 40, na kitabu cha 38 kinahusu murakaba na muhasaba. Humo anaeleza daraja sita zinazofuatana: musharata, ambayo ni kuwekeana masharti na nafsi, murakaba, kuichunga inapotenda, muhasaba, kuihesabu baada ya kutenda, muakaba, kuiadhibu ikikosa, mujahada, kuifanyisha juhudi ili kufidia upungufu, na muataba, kuilaumu na kuikemea. Muhasaba imewekwa daraja ya tatu, na mtu aliyezoea kudhani kwamba kujitafakari ni jambo la mwisho wa siku basi, hana budi kusimama hapo kidogo, kwa kuwa mpangilio huo unaonyesha kwamba kazi mbili nzima zinapaswa kuwa zimekwisha kufanyika kabla ya usiku kuingia.

Al-Ghazali analieleza jambo hili kwa mfano wa biashara. Akili ni mwenye mali na nafsi ni mshirika aliyekabidhiwa mali hiyo aifanyie kazi. Na kama mfanyabiashara anavyopatana kwanza na mshirika wake, kisha akamwangalia anavyouza, kisha akakaa naye kufanya hesabu, ndivyo inavyompasa mtu na nafsi yake. Rasilimali katika biashara hii ni faradhi, yaani ibada na wajibu usiosameheka. Faida ni sunna na mambo ya fadhila. Hasara ni maasi. Na msimu wa biashara yenyewe ni mchana mzima. Mpangilio huu una hekima ambayo msomaji wa haraka anaweza kuipita, kwani unampangia mtu pa kuanzia. Yuko anayesikitika usiku kwamba hakuamka kuswali tahajudi, ilhali mshahara wa kijana anayemfanyia kazi nyumbani haujalipwa kwa miezi miwili. Huyo analilia faida na rasilimali inapotea, na hesabu iliyopangwa kwa utaratibu wa al-Ghazali ingemwonyesha hilo mara moja.

Daraja ya kwanza, musharata, ndiyo inayosahauliwa kuliko zote na ndiyo iliyozibeba nyingine. Al-Ghazali anashauri kwamba baada ya swala ya Alfajiri mtu autulize moyo wake kwa muda na kuiambia nafsi kwamba hana bidhaa nyingine isipokuwa umri wake, kwamba siku hii mpya ni muhula aliopewa, na kwamba lau angekuwa amekwisha kufa angetamani arudishwe duniani japo siku moja atende mema. Basi na achukulie kuwa amekwisha kufa na amerudishwa. Kisha anaviusia viungo saba, ambavyo ni jicho, sikio, ulimi, tumbo, tupu, mkono na mguu, kila kimoja kwa jambo linalokihusu. Baada ya hapo anaongeza neno lenye manufaa makubwa kwa mtu wa kazi, kwamba yeyote anayeshughulika na uongozi, biashara au ualimu ni nadra kupitisha siku bila kukumbwa na tukio jipya ambalo Mungu ana haki ndani yake, kwa hiyo sharti la asubuhi lazima liiangalie kazi mahususi iliyo mbele ya mtu siku hiyo. Sharti la jumla, kama vile kuahidi kuwa mwema, halina nguvu, kwa sababu jioni hakuna awezaye kusema kwa hakika kama limetimizwa au limevunjwa.

Jambo hili huonekana wazi kwa fundi cherehani katika wiki ya mwisho ya Ramadhani, wakati kila mteja anataka nguo yake kabla ya Idi. Fundi anayejijua huijua pia dhambi ya kazi yake, nayo ni ahadi ya siku isiyo ya kweli. Asubuhi, kabla hajafungua duka, anajiwekea sharti moja: leo hatamtajia mteja yeyote siku ambayo yeye mwenyewe anajua haitawezekana. Sharti hilo ni dogo, lina jina, na linahusu ulimi wake katika mahali panapojulikana. Mchana anakuja mama mmoja kuulizia magauni ya wanawe wawili. Kitambaa kingali kimekunjwa juu ya rafu, hakijapitiwa na mkasi, lakini fundi anamwambia aje kesho jioni, kisha anaongeza inshallah ili ahadi ipate pa kuegemea. Usiku, anapoirudia siku yake, hana haja ya kujiuliza kama yeye ni mtu mbaya au mtu mwema, swali ambalo halina jibu na humchosha anayeliuliza. Anauliza kuhusu sharti moja, anakumbuka wateja aliozungumza nao, na anapofika kwa mama yule anajua pale pale kwamba hapo ndipo palipovunjika, na kwamba jina la Mungu lilitumika kufunika uongo.

Kuhusu murakaba, ambayo ni uangalizi wa wakati wa tendo lenyewe, al-Ghazali anataja mapokezi kwamba kila tendo la mja hufunguliwa madaftari matatu: la kwa nini, la vipi, na la kwa ajili ya nani. La kwanza linauliza kama tendo lilitokana na wajibu kwa Mungu au na matamanio. La pili linauliza kama lilitendwa kwa elimu na kwa namna iliyo sahihi. La tatu linauliza lilikusudiwa kumridhisha nani. Maswali hayo yanafaa kabla ya tendo na baada yake pia, na kwa fundi yule yangezaa majibu ambayo lawama tupu isingeyafikia. Kwa nini alitaja kesho? Kwa hofu kwamba mteja angepeleka kitambaa kwa fundi wa jirani. Kumbe uongo wake ulikuwa tawi tu, na mzizi ni wasiwasi wa riziki, jambo ambalo ndilo linalopaswa kuingia katika masharti ya kesho yake. Hivyo ndivyo hesabu ya siku moja inavyoifundisha asubuhi inayofuata, na pasipo uhusiano huo muhasaba hubaki kumbukumbu ya makosa inayorefuka kila usiku.

Dini na falsafa nyingine zimefika kwenye utaratibu unaokaribiana na huu kwa njia zake. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, anaeleza katika kitabu cha tatu cha maandishi yake juu ya hasira jinsi alivyokuwa akiipitia siku yake nzima taa ikishaondolewa, akisema waziwazi alichokosea bila kujificha, kisha akijisamehe kwa sharti la kutorudia. Katika Kanisa Katoliki, Ignasi wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, aliweka namna ya kutafiti dhamiri inayoanza kwa kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokelewa, na ndipo zifuate hatua za kuomba mwanga, kuipitia siku, kuomba msamaha na kuazimia. Yeye pia alitaka mtu achague kasoro moja tu ya kushughulikia, aikumbuke anapoamka, kisha mara mbili kwa siku atie nukta katika mstari kwa kila alipoanguka, apate kulinganisha siku na siku, wiki na wiki. Hapo pana makubaliano yenye maana kati ya watu ambao hawakupokeana elimu hii: wote walikataa hesabu isiyo na mipaka, na Ignasi, kama al-Ghazali, aliipa asubuhi sehemu yake.

Daraja ya nne, muakaba, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu hapo muhasaba inaweza kumdhuru mtu. Kanuni anayoitoa al-Ghazali ni nzuri, nayo ni kwamba adhabu ifanane na kosa: tumbo lililokula tonge la shaka liadhibiwe kwa njaa, na jicho lililotazama lisilofaa lizuiwe kutazama. Mfano bora wa kanuni hiyo ni wa sahaba Abu Talha, aliyeshughulishwa na ndege ndani ya shamba lake la mitende hata asijue ameswali rakaa ngapi, na alipomaliza akalitoa shamba lenyewe sadaka. Kilichomshughulisha kiliondoka, maskini wakanufaika, na mwili wake haukuguswa. Lakini zimo pia riwaya za namna nyingine, kama ile ya al-Ahnaf bin Qays aliyekuwa akiusogeza mwali wa taa kidoleni mwake huku akijisuta kwa alichokifanya siku fulani. Riwaya kama hizo zinaeleza ukali wa watu waliokuwa na hofu kubwa ya Mungu, na si haki kuzifanya kuwa mwongozo wa vijana wanaoanza, wala wa mtu ambaye tayari moyo wake umelemewa. Adhabu yenye faida ni ile inayomrudishia haki aliyekosewa. Fundi atakayeamua kwamba magauni ya yule mama yatashonwa kwanza, kabla ya kazi yenye malipo makubwa zaidi iliyo mezani, ameiadhibu nafsi yake mahali hasa ilipotendea kosa.

Hali ni hiyo hiyo katika kuikemea nafsi. Pwani ya Afrika Mashariki ina kielelezo kikubwa cha muataba katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ambamo mshairi anaugeukia moyo wake mwenyewe, anauuliza sababu ya kughafilika, kisha anaupitisha katika majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu. Lawama yake ni kali, lakini haina matusi, kwa sababu imejengwa juu ya ushahidi ambao moyo hauwezi kuukana: watu hawa walikuwapo, walikuwa na fahari, na nyumba zao ndizo hizi. Tofauti kati ya kukemea kwa ushahidi na kujidharau ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayejiambia kwamba hafai kitu hajasema jambo lolote analoweza kulirekebisha, na mara nyingi maneno hayo ni njia ya kulikwepa kosa lenyewe, kwa kuwa asiyefaa kabisa hatarajiwi kutengeneza chochote.

Katika kitabu hicho hicho cha Ihya imo habari ya Tawba bin al-Simma, aliyekuwa akiishi Raqqa na akizoea kujihesabu. Siku moja aliuhesabu umri wake akaukuta ni miaka 60, akazihesabu siku zake akazikuta ni 21,500, akapiga ukelele kwa kuwaza kwamba hata kama angekuwa ametenda dhambi moja kwa siku angekutana na Mola wake akiwa na dhambi 21,500, akaanguka na kufa. Hesabu hiyo ina ukweli wa kutisha, na mtu hudhurika asipowahi kuiwaza hata mara moja. Hata hivyo, mazoea ya kila siku hayawezi kuishi chini ya uzito wa umri mzima. Aliyejaaliwa usiku wa leo amepewa siku moja ya kuhesabu, na akiichanganya na miaka ishirini iliyopita ataingia katika wasiwasi, ile hali ya kurudiarudia shaka bila kufika mwisho ambayo wanazuoni wameionya sana katika udhu na swala, na ambayo udhuru wake ni mdogo zaidi inapoingia katika tafakuri.

Kuhusu kudumu, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inafundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ni kidogo. Watu wa pwani wanalijua hili kwa vitendo. Ratibu, yaani mkusanyiko wa dhikri na dua, ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad (1634–1720) wa Tarim, Hadhramaut, imesomwa kwa vizazi katika misikiti mingi ya Waswahili baada ya Isha, na haikudumu kwa sababu kila anayeisoma huwa na hamu kila usiku. Imedumu kwa sababu imefungwa kwenye swala ambayo lazima ifike, ni fupi, na inajulikana inapoanzia na inapoishia. Muhasaba nayo ikifungwa hivyo, sharti baada ya Alfajiri na hesabu baada ya Isha kabla mtu hajashika simu yake, haitegemei tena hali ya moyo. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, ulikadiria kwamba tendo jipya linalofungwa kwenye jambo la kila siku huchukua muda wa kati wa siku 66 kuwa mazoea, kukiwa na tofauti kubwa kati ya watu, kuanzia siku 18 hadi 254, na kwamba kukosa mara moja hakukuwarudisha nyuma kwa kiasi kikubwa. Matokeo hayo yanamfaa sana anayeacha kujihesabu kabisa kwa kuwa tu jana alilala bila kufanya hivyo.

Linabaki suala ambalo hesabu ya faraghani haiwezi kulimaliza. Imam al-Nawawi (1233–1277) anaeleza katika Riyadh al-Salihin kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu, ambayo ni kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Lakini kosa likihusu haki ya binadamu linaongezeka sharti la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake. Kwa hiyo machozi ya usiku hayalipi deni la mchana, na muhasaba iliyofanywa vizuri mara nyingi humalizika kwa safari ya kwenda mlangoni kwa mtu, au kwa simu anayopigiwa mteja asubuhi aambiwe siku ya kweli. Pale haki inapokuwa mali, njia iko wazi, na mwenyewe akiwa amekufa hurudishiwa warithi wake. Ugumu uko katika heshima ya mtu iliyovunjwa akiwa hayupo. Al-Ghazali aliona kwamba msengenyaji lazima aende kwa aliyemsengenya amtake radhi. Al-Hasan al-Basri amepokewa akisema kwamba kumwombea maghufira kunatosha. Na Ibn al-Qayyim akaielekea rai ya kutomjulisha, kwa kuwa kumfikishia mtu maneno ambayo hakuwahi kuyasikia ni kumwongezea maumivu na kuzua uadui uliokuwa haupo. Rai hii ya mwisho ina nguvu pale aliyesengenywa hana habari kabisa, mradi mwenye kosa arudi kwenye baraza ile ile aliyomvunjia mwenzake heshima, na mbele ya watu wale wale ayataje mema yake anayoyajua.